Sheria ya Moshi

Kikundi chetu cha kulimiana hakikuwa na jina. Wanawake wa upande wetu wa mlima, juu kidogo ya soko la Kimilili, walikuwa wakisema tu "tuko pamoja", na ukimsikia mtu akisema hivyo ulijua kwamba siku akiugua, shamba lake halitabaki pori. Mimi niliingia mara tu nilipoolewa, miaka michache baada ya ile vita kuu ya pili, wakati wanaume wetu walipokuwa wakienda Kitale kufanya kazi kwenye mashamba ya wazungu na kutuachia sisi vilima vyote vile tuvilime. Mume wangu alikuwa akiongoza maksai wa plau katika shamba la mzungu mmoja nje ya mji. Alilima ekari za watu mwaka mzima, na lake mwenyewe alilikuta limeshalimwa, akadhani ndivyo mashamba yalivyo.

Kuingia kulikuwa rahisi. Ulikuja na jembe lako, ukalima kwa wenzako msimu mmoja bila kukwepa, basi. Kuanzia hapo ukiugua, shamba lako lililimwa kwanza kabla ya la mtu mwingine yeyote, na hakuna aliyekudai kitu wala kukusimanga baadaye. Haikuwa sadaka. Nataka hilo lieleweke, maana vijana wa leo wakisikia habari za wanawake wa zamani kusaidiana wanaona huruma na machozi tu. Sisi hatukuwa na huruma ya bure. Tulikuwa na sheria, na sheria zenyewe zilikuwa kali.

Sheria kubwa ilikuwa ya moshi. Nyumba zetu zilikuwa za duara, zimeezekwa kwa nyasi, nazo zilikaa kwenye miteremko miwili inayotazamana, mto ukipita katikati. Asubuhi kila mwanamke akiwasha moto, moshi ulipenya kwenye nyasi ukapanda juu, na aliyekuwa upande wa pili aliuona. Ng'ombe wakishatolewa zizini na nyumba yako bado haifuki, wanawake wawili walitumwa kuja kukuangalia. Wakikukuta kitandani huwezi kuinuka, walirudi na habari hiyo, na kesho yake majembe yalikuwa kwenye shamba lako. Hakuna aliyekuuliza zaidi.

Kulikuwa na mambo yanayokubaliwa na yasiyokubaliwa. Homa, kuvunjika, jipu, kuumwa na nyoka, hayo yote yalikubaliwa. Kujifungua kulikubaliwa mpaka mtoto akaze shingo. Kupigwa na mume kulikubaliwa, tena siku ya kulima shamba la aliyepigwa tuliimba kwa sauti ya juu kabisa, ili mume naye afaidi. Ulevi wa busaa haukukubaliwa. Palikuwa na mama mmoja mnene, mcheshi kweli, ambaye asubuhi moja aliamua kutowasha moto ili akwepe zamu ya shamba la mawe. Wale wawili walipofika walimkuta amejifunika blanketi gubigubi, anaguna kwa maumivu, na huku mdomo umejaa kiporo cha ugali. Akapewa kipande chenye mawe kuliko vyote, naye mwenyewe akacheka mpaka akakaa chini.

Aliyeitunga sheria ya moshi alikuwa mama mkwe wangu. Alikuwa mfupi, mwenye miguu imara na sauti iliyovuka mto bila kuomba ruhusa. Wazee wa kiume walimwogopa wakajifanya wanamheshimu. Mimi nilimheshimu nikajifanya simwogopi. Sababu ya sheria ile sote tuliijua, maana kila mwanamke mpya alisimuliwa. Katika miaka ya nzige, mke mwenzake alikufa kwa homa peke yake ndani ya nyumba. Nyumba haikufuka moshi asubuhi ile, na watu walipita njiani wakaenda zao kwa kuwa hapakuwa na aliyekuwa akitazama. Mama mkwe alipomaliza kuzika alizunguka nyumba hadi nyumba akiwaambia wanawake kwamba kuanzia sasa tutatazamana.

Nimeishi miaka mingi, nimeona viongozi wa kila aina wakija na kuondoka na magari yao. Sijaona aliyemzidi yule mama. Hilo naliandika mapema ili msije mkadhani, kwa hayo yanayofuata, kwamba nilikuwa na neno naye.

Mtoto wangu wa pili alizaliwa wakati wa kiangazi. Nililimiwa kipande kimoja kama ilivyokuwa haki yangu, mtoto akakaza shingo, haki ikaisha. Na ugonjwa wangu ukaanza kujionyesha hapohapo.

Usingizi ulinikimbia. Niliamka alfajiri nikawasha moto, nikafagia uwanja, nikamaliza, nikaufagia tena. Niliteka maji mpaka mitungi ikafurika. Nilipika, nikaosha vyombo, nikapika, huku naongea peke yangu. Mtu akinitazama kwa mbali angesema huyu ndiye mke wa kupigiwa mfano. Lakini ndani yangu nilikuwa najua jambo moja, na nililijua bila shaka yoyote: kwamba yule mtoto hakuwa wangu. Nilikuwa nimeachiwa tu nimtunze. Wenyewe walikuwa njiani wakija kumchukua, na kazi yangu mimi ilikuwa kuwapikia. Nilimnyonyesha kwa sababu alikuwa mtoto wa watu na sikutaka lawama. Usoni sikumtazama.

Shamba ndilo lililonishinda. Nilishika jembe, nikafika ukingoni, mikono ikaisha nguvu, nikakaa chini hapo mpaka jua likanichoma. Mvua za kupandia zilikuwa karibu. Mashamba yote ya mteremko wetu yalikuwa yamegeuzwa udongo, mekundu, yanangoja mbegu, na langu lilikuwa katikati yao limejaa magugu ya sangari tupu, kila mtu analiona.

Siku moja nilimkuta jirani yangu mtoni, nikajikaza nikamwambia.

"Mimi ni mgonjwa."

Akanitazama toka juu mpaka chini. "Mgonjwa ya nini? Si moshi yako nimeona asubuhi?"

"Ni kichwa."

"Kichwa inauma?"

"Haiumi."

"Sasa bana! Kichwa haiumi, moto unawasha, mtungi unabeba. Hii ni ugonjwa gani?"

Hakuwa mbaya. Alikwenda akasema, na wale wawili wakatumwa, ingawa sheria haikuwalazimu. Walikuta uwanja umefagiwa, mitungi imejaa, mimi nakoroga ugali. Nikawakaribisha. Wakala, wakashiba, wakashukuru, wakaenda kusema kwamba mimi ni mzima. Hata zahanati nilipelekwa. Dresa, mhudumu wa pale, aliniwekea mkono kwenye paji la uso, akanifunua macho, akanipa vidonge vyeupe vya maumivu niliyokuwa sina, akasema mwili uko sawa nirudi nyumbani nikalime. Baada ya hapo maneno yalianza: ati ni maringo, ati mke wa mtu wa mshahara hataki kuchafua mikono. Hayo nisingeyajali, kwa kuwa mimi pia nina mdomo. Nilichokijali kilikuja kwa mashemeji.

Mume wangu alikuwa na kaka wawili, watu wa heshima, na baba yao alikuwa ameshafariki, kwa hiyo neno lao ndilo lililokuwa neno. Kwa desturi ya wakati ule, mke asiyelima na anayeongea peke yake alirudishwa kwa wazazi wake mpaka apone. Watoto hakuondoka nao, kwa sababu watoto ni wa ukoo. Niliwajua wawili watatu waliorudishwa hivyo, na sikumjua aliyerejea. Nyumba yake ilikuwa na mke mwingine kabla hajamaliza kupona. Kaka mkubwa alikuja akasimama nje, mbali na mlango kama adabu inavyotaka, akaongea kwa upole. Walikuwa wamempa dereva wa lori ujumbe aupeleke Kitale, mume wangu aombe ruhusa aje. Akifika akute shamba bado ni sangari, watanisindikiza Myanga kwa baba yangu. Mtoto ataenda kwa mke wa kaka mkubwa, kwa sababu alikuwa na maziwa, na yule wangu wa kwanza atabaki kwa bibi yake.

Nilipomsikia sikulia wala sikubisha. Nilisema moyoni, basi ndio hao wenyewe, wamefika. Lakini kuna sehemu fulani yangu, ndogo, ambayo haikuwa imeugua, na hiyo ilishtuka vibaya sana. Hiyo ndiyo iliyonichukua ikanipeleka kwa mama mkwe.

"Mayi," nikamwambia, maana ndivyo tunavyomwita mama, "niombee wanawake wanilimie."

Alikuwa anapepeta wimbi. Hakuacha. "Moshi yako naona kila siku."

"Naumwa, Mayi."

"Sheria ni ya watu wote. Nikikupindishia wewe juu ni mtu wa nyumba yangu, kesho nani ataniamini?"

Nilimchukia siku hiyo, chuki iliyonitoa jasho. Leo nikimkumbuka pale na ungo wake, nasema huyo ndiye kiongozi. Wangapi wangeanza na wa kwao?

Kesho yake asubuhi alikuja kwangu na kikapu cha maharagwe. Hakusema amefuata nini. Alikaa karibu na mlango akaanza kuambua. Nikafagia, akatazama. Nikaenda mtoni, nikarudi, nikaenda, akatazama. Nikapika ugali, nikaupakua, nikaufunika, nikaanza kupika mwingine. Hapo ndipo alipofungua mdomo.

"Unapikia nani?"

"Wenye mtoto. Wanakuja leo."

Nikangoja acheke, au aite watu waje waniombee. Hakufanya lolote katika hayo. Aliweka maharagwe chini.

"Wako wengi?"

"Wengi."

Akasogea akatazama ndani ya sufuria yangu, kwa makini kabisa, kana kwamba kweli kulikuwa na wageni wa kuhesabiwa matonge. "Hii haitawatosha," akasema. Akatoka, akaenda kwake, akarudi na chungu chake kikubwa cha shughuli, na tukapika pamoja. Jua likapanda, likageuka. Ugali ukapoa. Hakuna aliyekuja. Mchana ule mrefu hakunieleza hata mara moja kwamba nimekosea. Alichosema ni hiki tu:

"Wakifika, nitaongea na wao mimi. Wewe kaa."

Nikakaa. Sijui nieleze vipi kile kilichotokea. Kwa wiki nyingi nilikuwa nimesimama, hata nilipokaa nilikuwa nimesimama, na sasa mtu mwenye sauti ile kubwa alikuwa amesema atalishika yeye lile zito. Niliegemea ukuta usingizi ukanichukua. Nilipoamka, mtoto alikuwa mgongoni kwake, na yeye alikuwa ameshika nguzo ya mlango kwa mikono miwili anatazama ng'ambo, kule ambako moto wa jioni ulikuwa umeanza kuwashwa. Nilimwita hakunisikia. Ilibidi nimwite tena.

Kesho yake alinipeleka kwenye shamba ambalo kikundi kilikuwa kinalima. Alinikalisha kwenye majani, mtoto akabaki naye mgongoni. Wanawake walipopumzika kunywa uji, alisimama akasema anataka shamba langu lilimwe kwa haki ya ugonjwa.

Kelele zilizozuka hapo ungedhani amesema tulime barabara. Aliyeongea vizuri zaidi alikuwa mke wa mwalimu, mama wa kanisani, mwembamba, mwenye akili nyingi na asiyependa kuonewa. Yeye hakunitukana. Aliuliza.

"Mayi, mguu ikivunjika tunaona. Kichwa nani ataona? Kesho si kila mtu atasema ati kichwa yake haiko sawa? Na mguu tunajua itapona. Huyu tutamlimia mpaka lini?"

Ni maswali mazuri, na nasema hivyo mimi niliyekuwa nimekaa pale nikijadiliwa. Juzi mjukuu wangu alinijia na kadi yake ya bima ya afya ya serikali, akawa ananifundisha: bibi, siku hizi hata ugonjwa wa akili unalipiwa, ila lazima daktari athibitishe, na siku za kulazwa zina kikomo, na kuna dawa zilizomo na zisizokuwemo. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nani ataona, nani atathibitisha, mpaka lini: hayo yote niliyasikia kwa mke wa mwalimu, kibuyu cha uji mkononi, kabla ya baba yake huyo mjukuu kuota meno. Anayedhani watu wa zamani hawakuwa wakifikiri, akakae na wanawake wanaolima kwa zamu.

Mama mkwe alisubiri kelele zitulie. Kisha akaanza kwa sauti ya chini, na hiyo peke yake ilitunyamazisha, kwa sababu hatukujua kama anayo.

"Ile sababu ya moshi mnakumbuka. Mke mwenzangu. Niliwaambia nyumba yake haikutoka moshi, na homa ikamuua."

"Tunakumbuka, Mayi."

"Ilitoka."

Mtu mmoja alicheka kidogo, kwa kutoelewa, akaacha.

"Moshi ilitoka. Niliona na macho yangu. Nikasema, leo huyu ni mzima, nikaenda kwa shamba. Alikuwa amefagia. Alikuwa amepika, watoto amewapakulia. Halafu akachukua mtungi akaenda kwa mto. Mtungi tulipata kwa ukingo, imejaa maji. Yeye tulimpata chini, kwa mawe. Hakuanguka. Mahali pale mtu haanguki."

Kwetu kifo cha kujitakia hakikuliliwa kwa sauti, wala hakikutajwa tena baada ya mazishi. Watu waliogopa hata kulitaja jina la marehemu mbele ya watoto, jambo hilo lisije likajirudia katika ukoo. Na huyu mama, mbele ya wanawake wote wa miteremko miwili, alikuwa ameufungua mdomo wake akalitoa jambo hilo, huku amembeba mjukuu wake mgongoni. Wazee wa kike wawili waliangalia chini. Mmoja alijishika mdomo.

"Wazee walisema tuseme ni homa, na mimi nikasema ni homa. Halafu nikatunga sheria. Nilitaka tuwe tunatazamana. Lakini niliwafundisha kutafuta nyumba haina moshi, na yule alikuwa na moshi! Hata ingekuwa wakati ule kuna sheria yangu, tungemwacha tu aende kwa mto." Akamkaza mtoto mgongoni. "Nilikosea mimi, si nyinyi. Nimeenda kukaa na huyu msichana siku mzima. Anafagia vile yule alikuwa anafagia."

Hapo ndipo nilipojua alichokuwa anakitazama mlangoni kwangu.

Kisha mke wa mwalimu akauliza, polepole, na safari hii hakuwa anabishana. "Sasa tutajua aje, Mayi?"

"Kwa kukaa. Homa unaona kutoka ng'ambo. Hii huoni kutoka ng'ambo. Mtu aende akae siku mzima, asiulize mingi, asaidie kazi. Jioni atajua."

"Na mwisho?"

"Mwisho ni yeye mwenyewe ashike jembe. Aliyevunjika mguu si pia tunangoja asimame?"

"Nitaenda mimi," akasema mke wa mwalimu. "Mimi ndio nimekataa, mimi niende."

Alikuja kesho yake na kitambaa chake cha kushona. Alikaa. Nilipika. Mchana alinisaidia kubeba maji ambayo hatukuyahitaji, akayamwaga alipokwisha kuyafikisha, tukarudi kuteka mengine. Sikumbuki kama tuliongea. Ninachokumbuka ni kwamba alipoondoka alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, na yeye hakuwa mtu wa kushikashika watu. Asubuhi iliyofuata alikuwa wa kwanza kwenye shamba langu. Niliusikia mlio wa jembe kabla sijamwona.

Wakaja wote. Sangari ni jani baya, mizizi yake inakwenda chini ikishikana, na wanawake wale waliing'oa kwa majembe na kwa mikono, wakaitupa kwenye mawe ikauke. Yule mama mnene, bingwa wa kujificha chini ya blanketi, alichukua kipande kigumu kuliko vyote bila kuambiwa. Mimi walinikalisha ukingoni. Walipanda mahindi na maharagwe na mvua ilikuwa inanukia.

Kabla ya mistari ya mwisho kuisha, mashemeji walifika wakiwa wameongozana na mume wangu, ametoka Kitale na vumbi lake, uso umemshuka. Alikuwa ameambiwa mke wake ni mvivu na pia kwamba ana wazimu, na sidhani alijua ahuzunikie lipi. Walisimama kwenye njia. Mama mkwe akatoka katikati ya shamba akawaendea, jembe begani, mtoto mgongoni.

"Mmefuata nini?"

Kaka mkubwa akaanza kueleza mambo ya Myanga, kwa adabu.

"Mlisema shamba ikiwa sangari. Onyesha mimi sangari."

Akatazama. Akajikuna shingo. "Lakini Mayi, yeye si hajalima. Nyinyi ndio mmelima."

"Huyo ni mgonjwa. Shamba ya mgonjwa ni yetu mpaka apone. Hata mtoto tunalea. Ukitaka kumrudisha kwao, kwanza uongee na hawa." Akawaonyesha wanawake kwa kidole, na wanawake walikuwa wamesimama wima, kila mmoja na jembe lake. Sitasahau namna shemeji yangu, mwanamume mrefu na mwenye ng'ombe, alivyokosa mahali pa kuweka macho. Kisha mama mkwe akamgeukia mwanawe mdogo. "Na wewe, shika jembe."

Mwanamume hakuwa na mahali katika kikundi chetu. Lakini mume wangu alivua viatu akaingia shambani, na wakampa mstari wake. Alilima vibaya. Wanawake walisema bila maksai huyu si kitu, nao wakacheka, yeye pia akacheka huku amekaza meno. Aliporudi Kitale hakukuwa na mtu aliyetaja Myanga.

Sikupona kwa sababu ya hayo. Nisije nikawadanganya. Mahindi yaliota, yakafika magotini, na mimi bado niliwasikia wenye mtoto wakija. Kulikuwa na siku nzuri na siku ambazo sikujua ni siku gani. Lakini kila siku alikuja mtu kukaa. Hakuna aliyenifunga kamba, na hakuna aliyeniambia niache ujinga. Mama mkwe alimbeba mtoto, akamleta kunyonya, akambeba tena, kwa subira ambayo sijui aliitoa wapi mtu mwenye ukali ule.

Wakati wa palizi ya pili walikuwa shambani kwangu tena. Nilikuwa nimekaa ukingoni kama kawaida, na mtoto akaanza kulia mgongoni mwa bibi yake. Alilia kilio cha njaa, na mama mkwe akaendelea na mstari wake akitaka kuumaliza kwanza. Nikasimama. Nikapita katikati ya mahindi mpaka pale alipokuwa.

"Mayi," nikasema. "Nipe mtoto wangu."

Alisimama na jembe hewani. Wa karibu naye wakasimama pia. Alifungua shuka, akanipa, akaniangalia nikimtazama mtoto usoni. Kisha akageuka, akarudi kwenye mstari wake akaanza kulima kwa nguvu za hasira, akirusha udongo huku na huku, akikata magugu na mahindi pamoja, na hakuna mwanamke hata mmoja aliyethubutu kumwambia kwamba anaharibu shamba.